Upepo wa Nyumba ya Mama Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Padre Faustine hakucheka. Mimi nilidhani atacheka kidogo, maana dhambi yenyewe ni ya tairi.

Nilipiga magoti kitubioni nikamwambia, Padre, nimemdanganya mke wangu. Akauliza, kuna mwanamke mwingine? Nikasema hapana, ni tairi. Nikasikia anasogeza kiti.

Nikamweleza. Mwezi uliopita nilinunua tela, zile za kulala watalii. Kambi moja upande wa Bunda ilikuwa inafungwa. Ni chumba cha bati juu ya magurudumu mawili – kitanda, sinki, kadirisha kenye wavu. Unakifunga nyuma ya pikapu unakivuta. Nimekinunua niuzie chipsi stendi ya Musoma. Dagaa nimewabeba kutoka Kibara tangu nikiwa kijana, nguo zangu zinanuka hata zikitoka kufuliwa. Nilitaka uzee wangu unuke viazi.

Sasa mama mkwe. Mama Euphrasia wa Butiama, macho yake yameingia utando, yote mawili. Madaktari wa macho wanakuja Musoma mwezi huu. Zamu yake ni Jumanne tarehe 19. Akishapasuliwa inabidi akae karibu na hospitali kama wiki, wamwangalie. Akikosa hiyo, mpaka mwakani, na mwakani nani anajua atakuwa anaona nini. Na kwa mila yao mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hata mvua ya mawe inyeshe. Gesti hataki, anasema hajui nani kalala pale jana. Ndugu Musoma hana.

Shemeji yangu Nicolaus ndiye kaja na akili. Kasema: tela ije Butiama, isimame uani kwa mama. Aweke mafiga yake humo, apike, alale usiku mmoja. Hapo inakuwa nyumba yake. Halafu hiyo nyumba yake ivutwe mpaka Musoma, isimame uani kwangu. Hajalala kwa mkwe, kalala kwake. Wazee wamekaa, wamekubali. Flora mke wangu kapiga kigelegele kwenye simu.

Mimi nikaziona chipsi zangu zinaondoka. Nyumba ambayo mama mkwe kashaweka mafiga hairudi kwa mkwe. Hata kitasa chake sitagusa. Ndipo nikasema: tatizo tairi. Tairi mbovu, haziwezi kubeba mtu mzima, ni hatari. Na hizo tairi nilikuwa sijaziangalia hata mara moja.

Padre akasema malipizi yangu ni kumwambia Flora ukweli. Mpaka nimwambie, nisije mbele kupokea komunyo. Nikamuuliza, haiwezekani rozari? Hata nyingi?

Akasema, nenda kwa amani, Revocatus.


Jumapili, 3 Agosti

Sijamwambia.

Komunyo ilipofika benchi letu lote limesimama. Nimebaki nimekaa, nimevuta miguu, watu wanapita kama wanavuka mtaro. Mama mmoja wa kwaya kanikanyaga kidole na nadhani alikusudia.

Flora kauliza tukiwa njiani, una nini wewe? Nikasema tumbo.

Sasa ziko mbili. Ya tairi na ya tumbo.

Jioni kanichemshia mwarobaini. Kikombe kikubwa, kasimama mbele yangu mpaka nimemaliza. Uchungu wake umefika mpaka masikioni.


Jumanne, 5 Agosti

Flora kasema yeye si mtu wa kuambiwa tairi mbovu na asizione. Twende Bunda. Basi tumeenda. Njia nzima nimeomba ziwe mbovu. Sijui mtakatifu gani anashughulikia maombi kama hayo.

Tela imewekwa uani kwa Nyamhanga, fundi pancha. Nimefika nikaangalia. Tairi zinang'aa. Nyeusi tii, meno yote yapo kama za dukani. Flora kaziangalia, halafu kaniangalia mimi.

– Baba Debora. Ndiyo hizi?

(Debora ni binti yetu wa kwanza.) Mdomo wangu ulishafunguka kusema kweli. Naapa ulifunguka. Lakini Flora kainama, kapitisha kidole ubavuni mwa tairi, kidole kikatoka cheusi. Kakinusa. Kasema, hii ni dawa ya viatu!

Kachukua tambara la Nyamhanga, kasugua. Chini yake ni nyufa tupu, kama visigino vya mtu asiyejua mafuta. Ukucha wake uliingia wote. Nyamhanga kachutama na yeye, katuonyesha namba nne kwenye kiduara: 2209. Wiki ya ishirini na mbili, mwaka 2009. Mwaka huo Debora alikuwa anajifunza kutembea. Kumbe meno hayajaisha kwa sababu tela ilikuwa imesimama tu, jua linaila.

Nyamhanga kasema hiyo ingepasuka hata ikibeba kuku.

Flora kanishika mkono. Kasema, nisamehe Baba Debora. Nilidhani unamkwepa mama.

Na mimi – Mungu wangu – nikasema, usijali mke wangu.

Nimempigia Padre nikiwa nyuma ya ukuta wa Nyamhanga. Nikasema, Padre, tairi kumbe ni mbovu kweli. Akauliza, ulijua? Nikasema hapana. Akasema, basi ulidanganya ukapatia. Malipizi yako yako palepale.


Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi Bunda peke yangu kununua tairi. Nimejiambia hivi: kama siwezi kusema kweli, angalau nifanye kweli.

Nyamhanga alishaniandalia jozi ya mtumba, za gari dogo. Safi kabisa, laini. Kasema, mama yako atalala humo kama yuko kwenye boti. Nikasema haendi kulala njiani, anaenda kupasuliwa macho. Kasema, kaka, tairi ni tairi, ilimradi duara.

Ilikuwa karibu nikubali. Halafu nikakumbuka vidole vya Flora vyeusi.

Nimeenda duka la tairi barabara kuu. Ukutani wana jedwali. Kumbe kila tairi ina namba ya mzigo imeandikwa pembeni ya saizi, na mimi miaka yote nanunua kwa kuangalia meno tu, kama mtu anayenunua punda. Ile ya Nyamhanga ni 91. Jedwali linasema 91 inabeba kilo 615. Mbili ni 1,230.

Tela ina uzito gani? Hakuna anayejua. Nimeivuta taratibu na zile tairi za dawa ya viatu, mwendo wa maiti, mpaka kwenye mizani ya pamba kwa wachambuaji. Mlinzi kauliza, umeleta pamba? Nikasema hapana, nimeleta nyumba ya mama mkwe. Kafungua geti bila swali lingine. Na yeye atakuwa ana mkwe.

Kilo 1,300. Tupu! Bila godoro, bila maji, bila mkwe.

Kwa hiyo zile laini zingekuwa zimezidiwa kabla mama hajaweka mguu. Nimechukua za gari za mizigo, ubavu mgumu, plai nane, yaani matabaka manane, namba 102. Hiyo ni 850 kila moja. Mbili zinabeba 1,700. Nimechukua na ya tatu iwe spea. Nyamhanga kazifunga, kanuna kidogo. Kasema, umekuwa injinia.


Alhamisi, 7 Agosti

Nimevuta tela kutoka Bunda kuja Musoma. Nimejifunza jambo, na limenichoma mkono.

Asubuhi Nyamhanga alijaza upepo thelathini na mbili, kama gari dogo. Nikamwambia pembeni ya tairi wameandika mwisho sitini na tano. Kasema, hiyo ni ya kiwandani, huko barabara zao ni kama meza. Hapa ukiweka mwingi mama anaruka humo ndani kama bisi. Nikaona ana huruma kunizidi mimi. Nikaacha.

Nimefika Kiabakari nasikia harufu. Nimeshuka. Tairi ya kushoto nimeigusa – mara moja tu. Moto kama kikaango. Ubavu umetuna, umekaa kama mtu aliyeshiba ugali.

Nikampigia Nyamhanga. Kasema, ya moto hiyo, toa upepo ipoe. Nikachuchumaa na kijiti nataka kubonyeza valvu. Halafu nikajiuliza. Ukitembea kwenye mchanga laini, si ndio mguu unachoka na unapata moto? Kwenye lami huchoki. Tairi imechoka kwa sababu ni laini. Nikitoa tena inalainika zaidi. Nikasoma tena ubavuni: wameandika upepo upimwe ikiwa baridi. Ikiwa ya moto geji inakudanganya, inasoma mwingi kuliko ulioweka.

Geji nayo inadanganya. Tuko wengi.

Nimekaa kivulini nimekula muhogo mpaka tairi zikapoa zenyewe. Nikaenda kituo cha mafuta nikaweka sitini na mbili kila upande. Kutoka pale mpaka Musoma nimesimama mara mbili kugusa: vuguvugu tu, kama chai ya mtoto. Tela imenyooka nyuma yangu, haitikisi mkia.

Nimefika nyumbani Flora kaizunguka mara mbili. Kafungua kadirisha, kafunga. Kasema, mama ataona barabara kupitia hapa akitoka hospitali.

Sikuweza kumwambia leo. Alikuwa anafurahi mno.


Jumapili, 10 Agosti

Tumbo bado.

Kadiri ninavyokaa pale benchini ndivyo tumbo linavyojulikana. Leo wazee wawili wamenishika bega. Mmoja kasema ni amiba. Mwingine kasema hapana, ni mawazo.

Huyo wa pili nimemkwepa.


Jumatano, 13 Agosti

Jumuiya imekuja nyumbani kuniombea tumbo.

Naandika tena ili niamini. Watu kumi na kitu, na vitabu vya nyimbo, wamekaa sebuleni kwangu kuombea tumbo ambalo halijaumwa. Flora kawapikia wali na sato wa nazi. Mimi nimepewa uji. Uji mweupe, bila hata sukari, kwa sababu sukari inachachua. Nimekaa katikati yao nakunywa uji, wao wanavunja vichwa vya sato na kusema, pole sana Baba Debora, Mungu ni mwema.

Katikati ya wimbo honi imepiga nje. Fundi seremala! Nilikuwa nimesahau kabisa. Kabla ya haya yote nilimpa kazi ya ubao wa kibanda, herufi za mbao amezichonga na kuzipigilia moja moja: REVO CHIPSI. Kazi nzuri, siwezi kumlaumu. Kaubeba kichwani anauingiza getini huku jumuiya inaimba.

Nimetoka mbio. Kwa mtu anayeumwa nimetoka mbio sana. Nikamwambia weka kwenye tela, chini ya godoro, haraka. Nimerudi ndani, nimeshika tumbo. Flora kauliza nani huyo? Nikasema fundi, kaleta ubao wa kitanda.

Nimeacha kuhesabu.

Lakini kwa kweli kitu kimoja kimenisumbua kuliko uji. Wakati wa maombi Flora hakuombea tumbo langu peke yake. Kasema, na mama yangu, Bwana, aone tena. Jana, Bwana, kaniuliza kwenye simu kama Debora amekuwa mrefu. Debora alikuwa kwake wiki mbili zilizopita.

Mimi nikaangalia bakuli.


Jumapili, 17 Agosti

Butiama. Naandika nikiwa kwenye pikapu, kitabu kiko juu ya usukani.

Tumefika saa tisa. Sasa, kuingiza tela uani kwa kurudi nyuma ni kazi hata kwa mtu huru. Mimi mkwe siruhusiwi kumtazama mama usoni, na yeye yuko hukohuko nyuma upande wa kulia, kakataa kuingia ndani, anataka kuisikia nyumba yake inavyofika. Kwa hiyo kioo cha kulia sikutumia. Nimerudi nyuma naangalia mbele, Nicolaus ananiita: kata kushoto shemeji! kushoto yako! kushoto ile nyingine! Nimeangusha migomba miwili na uzio wa jikoni.

Mama kasema – hakusema na mimi, kasema na Nicolaus, mimi niko hatua nne nimempa mgongo – mwambie Baba Debora migomba ile ilikuwa mizee.

Nikasema, Nicolaus, mwambie mama nasikitika.

Nicolaus kasema, anasikitika. Mama kasema, nimemsikia.

Ndivyo tunavyoongeaga tangu nimeoa.

Akaigonga tela na fimbo yake pande zote, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akagonga na tairi. Kasema, mwambie ni ngumu. Nicolaus kasema, anasema ni ngumu. Nikasema, mwambie ndivyo inavyotakiwa, laini inapata moto. Mama kacheka kidogo. Kasema, mwambie hata watu.

Halafu mzigo. Mafiga matatu – nilidhani mawe ya kawaida, kumbe yale ya bibi yake, Nicolaus kabeba moja moja akiguna. Jiwe la kusagia! Nikasema shemeji, Musoma tuna mashine. Mama kasema, mwambie nyumba isiyo na jiwe ni banda. Gunia la mtama. Ndoo mbili za maji. Kuku watatu kwenye tenga. Nimepiga hesabu kichwani: tumefika kama 1,550 bila mama mwenyewe. Bado tuko chini ya 1,700, lakini sasa naelewa kwa nini mtu ananunua tairi akimfikiria mwenye nyumba, siyo nyumba. Nimemwambia Nicolaus jiwe likae katikati juu ya ekseli, mtama mbele kidogo. Ukilundika nyuma, tela inacheza barabarani na pikapu inacheza nayo.

Jioni mama kaingia. Flora kamshika mkono kwenye ngazi. Mafiga yamewekwa kwenye bati la mchanga chini, moto mdogo, moshi ukatoka kwenye kadirisha. Uji umepikwa, majirani wameonja. Mzee mmoja kasema, basi, ni nyumba.

Flora kalia. Kanishika kiwiko, kasema, bila wewe, Baba Debora.

Kesho njiani nitamwambia. Kesho kabisa.

Ubao! Nimekumbuka sasa hivi. Mama kalala juu ya ubao wangu.


Jumatatu, 18 Agosti

Tunatakiwa kuondoka saa moja. Leo hospitali wanamwandikisha na kumpima, kesho wanampasua. Tukikosa leo, ndiyo basi.

Nimeamka kunakucha ili nipime upepo kabla jua halijagusa tairi. Flora na mke wa Nicolaus wako jikoni. Nicolaus yuko zizini anakamua. Nikapiga magoti upande wa kulia, chini ya kadirisha, na geji yangu. Sitini na mbili. Haijapungua hata moja.

Nikaona niko peke yangu. Nikasema ngoja nijaribu maneno nitakayomwambia Flora njiani. Nikaiambia tairi:

– Mama Debora, kuna jambo. Ile ya tairi mbovu, nilikuwa sijaziangalia. Nilisema tu. Tela niliitaka ya chipsi. Na tumbo haliniumi. Halijawahi kuniuma.

Juu yangu sauti ikasema:

– Unamwambia nani?

Nimegonga kichwa kwenye bati. Pazia limefungwa, lakini wavu uko wazi. Nikatafuta mtu wa kukaa katikati yetu. Kulikuwa na mbwa tu.

– Naiambia tairi, mama.

– Haya. Endelea.

Akasema, mimi nilishajua. Nimelala juu ya ubao, mbavu zangu zimeanza kuusoma kabla ya vidole. Nilisomaga elimu ya watu wazima, akasema, nimeingiza mkono chini ya godoro nikaenda herufi moja moja. Revo ni wewe. Hilo lingine limenichukua muda. Usiku nikajiuliza, huyu ni mkwe gani anamlaza mama wa mke wake juu ya viazi.

Nikasema nisamehe mama. Nilikuwa nimepiga magoti tayari.

Akasema, ngoja, usiinuke. Mimi nami nina langu.

Akashusha sauti. Nimeweka sikio karibu na bati.

Kasema mila ipo, hakuitunga yeye. Lakini paa la mtu halijawahi kumnyima usingizi, angelala hata kwenye mtumbwi wa dagaa. Alisema mila kwa sababu mila hakuna anayebishana nayo. Anaogopa kisu. Kisu cha kwenye jicho, na wewe uko macho, unakiona kinakuja. Alijua watakosa pa kumweka, siku zitapita, madaktari wataondoka, na hakuna atakayesema Euphrasia ni mwoga.

– Kumbe mnaniletea nyumba ina magurudumu. Nani aliwaomba akili?

– Ni Nicolaus, mama.

– Nicolaus nitaongea naye.

Kuku wamelia ndani ya tenga.

– Sasa hivi naona mwanga, kasema. Kuku akipita naona amepita, hata kama sijui ni yupi. Wakikosea, na huyo kuku namkosa.

Nikamwambia, kwa nini usimwambie Flora? Akasema, kwa nini wewe usimwambie?

Halafu akanipa mpango wake. Kausema polepole, inaonekana kauwaza usiku kucha. Kasema: toa upepo. Tairi zote mbili. Sema zimekufa. Wewe umezoea, watakuamini. Leo inapita, kesho inapita. Na nyumba chukua, uza viazi vyako. Mafiga nitayatoa. Wazee wakiniuliza nitasema sikulala humu, nilikesha. Na ni kweli nilikesha.

Nimekaa pale. Chipsi zangu hizo, zimerudi, na wala sijaziomba. Stendi ya Musoma. Ubao umeshachongwa. Na pampu yangu ya mguu imekufa valvu, Nicolaus hana kompresa, mpaka upatikane upepo Butiama saa hizi itakuwa mchana.

Mikono ilitaka kazi. Nikaweka geji tena kwenye valvu, bila sababu. Geji ikigusa inatoa kaupepo kidogo: tsss.

– Asante mwanangu, mama akasema. Na ya upande wa pili usisahau.

Sikusema kitu.

Nilitakiwa kusema. Nikazunguka. Nikapima ya kushoto. Tsss. Nikasikia godoro linalia, kajilaza, kaanza rozari kwa sauti nyepesi kabisa, ya mtu aliyetua gunia.

Kunyamaza nako nadhani Padre ana jina lake.

Nimekaa hapa kwenye mkono wa tela, pale inapofungwa kwenye pikapu, naandika. Mama anasali mgongoni kwangu, bati tu katikati. Kuku mmoja kapita, mwekundu, ana kidonda cha zamani kwenye kishungi, mguu mmoja anauburuza. Nimemwangalia mpaka kafika jikoni. Mama huyu kamlea na hajui ni yupi.

Nicolaus katoka zizini na maziwa. Flora kasimama mlango wa jikoni, kitenge kipya, mkoba wa hospitali umeshafungwa. Kaniita:

– Baba Debora! Tairi zikoje?

Rozari imekatika.

Nimeinua mkono, ngoja kidogo, naandika namba. Kasema haya, lakini jua linapanda. Kwa hiyo naandika namba. Kulia sitini na mbili. Kushoto sitini na mbili.

Flora kasema, zisome basi kwa sauti, tusikie wote.